Neno la Mwenye Mwili

Katika mji wa Eisenach, nchini Ujerumani, alikuwako katika nusu ya kwanza ya karne ya 18 tabibu aitwaye Johann Storch, ambaye aliwatibu wanawake miaka mingi pasina kuwagusa ila kwa nadra, kwani haya ya zama zile haikuruhusu, wala yeye kwa elimu yake hakuona haja. Mwanamke alikuja mwenyewe, au alituma barua, akieleza jinsi damu ya mwezi ilivyosita tangu alipofikwa na hofu. Tabibu alisikiliza, akaandika, akatoa dawa, na maandishi yake yakajaza juzuu nane.

Dawa hizo, tuseme kweli, nyingi hazikufaa kitu, na kumtoboa mshipa ili kumtoa damu mtu aliyekwisha dhoofu pengine kulimdhuru kuliko maradhi. Lakini itikadi yake si ya kupuuzwa. Alimfuata Georg Ernst Stahl, mwalimu wa Halle, aliyefundisha kwamba roho ndiyo iutawalayo mwili, wala mwili si saa ijiendeayo kwa magurudumu. Kwa hiyo ghadhabu na huzuni zilihesabiwa kuwa sababu za ugonjwa sawasawa na baridi. Hata mwanamume aliyevuja damu ya bawasiri alidhaniwa amepata tahafifu mfano wa ile ya hedhi. (Aliyewasikia wazee wetu wakitaja majimaji ya mwili, yaani balghamu, safura na sauda, hatastaajabu mno.)

Swali ni hili: neno la mgonjwa ni ushahidi, au ni malalamiko tu? Mwaka 1774 tabibu William Hunter alitoa kitabu cha picha 34 za tumbo la uzazi, zilizochorwa kutokana na maiti za wajawazito zilizopasuliwa London. Faida yake ni kubwa, nami siikanushi. Ila wanawake wale hawakuulizwa neno, na kilichoonwa kwa jicho kikawa yakini, kilichosemwa kikawa dhana.

Wala Storch asisifiwe kupita kiasi. Alipojiwa na kijakazi asiye na mume, aombaye dawa ya kurudisha damu iliyokatika, aliingiwa na shaka: je, huyu ni mgonjwa, au ana mimba naye ataka kuitoa? Hakuwa na kipimo cha kumwamulia. Dalili kubwa iliyoaminiwa wakati ule ilikuwa mtoto kucheza tumboni, na hiyo aliyeisikia kwanza ni yule yule aliyeketi mbele yake, ambaye angeweza kusema au kunyamaza.