Jina ni Dhamana

Mtu akikiona kitu ambacho hakijaandikwa katika kitabu chochote, akakipa jina, je, kitu kile kimekuwa chake? Na kama si chake, kitendo kile cha kukiita kimemwachia nini mkononi? Maswali haya yamenikaa kichwani kwa miaka mingi, wala sikuyapata kwa wanafalsafa. Niliyapata kwa watu wanaotembea misituni na majabalini na kisu kidogo na kioo cha kukuzia, wakitafuta viumbe ambavyo wengi wetu tunavipita kila siku bila kuvitupia jicho.

Viumbe hivyo ni laikeni. Msomaji amekwisha kuziona, hata kama hakujua kuwa zina jina. Ni yale mabaka ya kijivu, ya manjano au ya kijani iliyopauka yaliyoganda kwenye magome ya miembe na mawe ya makaburi ya zamani. Ukipanda milima ya Usambara au Kilimanjaro utaziona zikining'inia matawini kama ndevu za wazee. Nilipokuwa nikifundisha elimu ya viumbe, wanafunzi walidhani ni uchafu wa mti. Hawakuwa peke yao katika dhana hiyo. Linnaeus, yule Mswidi aliyewafundisha wataalamu kuviita viumbe kwa majina mawili mawili, mwaka 1753 alizirundika laikeni zote katika jenasi moja, akazihesabu kuwa mafukara wa ulimwengu wa mimea. Ilibidi mwanafunzi wake, Erik Acharius, aje azipange upya na kuzipa heshima yake.

Tena si mimea hata kidogo. Laikeni ni kuvu na mwani walioshikana wakawa mwili mmoja. Kuvu hujenga nyumba na kuhifadhi unyevu. Mwani, ulio mdogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumlisha mwenzake. Kwa ushirika huo huishi juu ya jiwe tupu, mahali ambapo kila mmoja peke yake asingestahimili.

Kazi ya kutambua spishi mpya ya laikeni ni kazi ya subira. Mtaalamu hukwangua kipande kidogo, hukiweka katika bahasha ya karatasi, huandika mahali, tarehe na aina ya mti au jiwe. Akirudi hutia tone la potashi au la dawa ya kung'arisha nguo na kutazama kama rangi inageuka kuwa nyekundu au ya manjano. Hukata utando mwembamba na kuutia chini ya hadubini, akapima mbegu za kuvu moja moja. Siku hizi husoma pia vinasaba. Kisha hulinganisha na sampuli za zamani zilizohifadhiwa katika makumbusho, nyingine zikiwa na umri wa miaka mia mbili. Akiridhika kwamba hakuna aliyemtangulia, huandika maelezo na kuteua sampuli moja iwe shahidi wa jina hilo daima. Mpaka mwisho wa mwaka 2011 maelezo hayo yalitakiwa yawe kwa Kilatini. Tangu 2012 yanaruhusiwa pia kwa Kiingereza, na tangu 2013 jina la kuvu halihesabiki mpaka lipewe namba katika daftari maalumu la dunia.

Wala kazi haikaribii kwisha. Kuna laikeni moja ya Amerika, iitwayo Cora, ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa spishi moja tu. Mwaka 2014 Robert Lücking na wenzake walionyesha kwamba ndani ya jina lile moja mlikuwa na spishi zisizopungua 126, na wakakadiria kwamba huenda zikazidi 400. Jina moja lilikuwa limefunika umati, kama mgeni aitaye watu wa mtaa mzima "wale pale".

Hapo ndipo swali langu linapoanza kuuma. Tunaposema "spishi mpya", ni mpya kwa nani? Magharibi mwa Kanada, katika jimbo la British Columbia, wapo wenyeji waitwao Secwepemc. Tangu kale wanaijua laikeni fulani ya rangi ya kahawia inayoning'inia kwenye misonobari kama nywele, nao huiita wila. Waliikusanya, wakaiosha, wakaioka katika mashimo ya ardhini, wakaila. Katika vitabu vya sayansi laikeni hiyo huitwa Bryoria fremontii, kwa kumbukumbu ya John C. Frémont, mwanajeshi na mpelelezi wa Kimarekani wa karne ya 19. Sisemi kwamba aliyeandika jina hilo alikuwa mwongo. Katika daftari lake kweli haikuwamo. Lakini daftari si dunia, na mtu aliyeila wila na kuwalisha wanawe hakuwa akingoja kuambiwa kwamba imegunduliwa.

Kuna majina mengine ya aina hiyo yanayotugusa sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu zaidi. Mwaka 2007 mtaalamu Kerry Knudsen alikuta laikeni ya rangi ya machungwa ikiota juu ya udongo katika kisiwa cha Santa Rosa, California. Mwaka 2009 aliitangaza kwa jina la Caloplaca obamae, kumheshimu Barack Obama kwa kuunga mkono sayansi. Hivi sasa jina la Kijaluo lililotoka Kogelo, katika kaunti ya Siaya, limeandikwa juu ya kiumbe kidogo kilichokaribia kuangamizwa na kwato za ng'ombe na wanyama wengine walioletwa kisiwani na watu. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka kwanza, halafu nikafikiri. Obama alipata heshima. Je, laikeni ilipata nini?

Mfano wa tatu ndio ulionisumbua kuliko yote. Mwaka 2011, huko huko British Columbia, mtaalamu Trevor Goward alikuwa na spishi mbili alizozitambua ambazo hazijapewa majina. Badala ya kuziita apendavyo, alitoa haki ya kuziita ili ipigwe mnada, na fedha zisaidie kulinda misitu na ardhi. Mjane mmoja alinunua jina la moja kwa kumbukumbu ya marehemu mumewe, mtunza bustani. Ya pili nayo ikabeba jina la marehemu aliyeshughulika na misitu.

Jina linauzwaje? Hilo ndilo lililokuwa neno langu la kwanza. Kwetu mtoto hupewa jina la babu, la shangazi, la siku aliyozaliwa au la tukio lililowapata wazazi. Ukisikia kwamba mtu amelipia ili mtoto wa jirani aitwe kwa jina lake utaona haya kwa niaba yake. Na hofu ya pili ni nzito zaidi: kama majina yatanunuliwa, basi wenye fedha watajiandika juu ya kila jani na kila jiwe, na wale waliouishi msitu huo watabaki wageni katika orodha ya vitu vyao wenyewe.

Hofu hiyo sikuiacha hata leo. Lakini nimepata neno letu wenyewe linalonisaidia kulipima jambo hili, nalo ni somo. Mswahili akimkuta mtu mwenye jina lake humwita somo, na kuitana hivyo si mzaha. Somo hujuliwa hali akiugua, hupelekewa chochote siku ya sikukuu, hutetewa akisengenywa. Anayepewa mtoto wa kubeba jina lake hapewi mali, hutwikwa mzigo. Kwa kipimo hicho, mjane yule hakununua laikeni. Alimpatia mumewe somo msituni, na fedha alizotoa zikawa haki ya somo yule: ardhi ya kukaa. Na kwa kipimo hicho hicho, jina alilopewa Frémont lina upungufu ambao fedha hazihusiki nao kabisa. Lilimpa mtu utukufu bila kumtwika chochote. Kwa hiyo kosa haliko katika bei. Mtu anaweza kutaja jina bure kabisa na bado akawa amenyang'anya.

Kuna jambo jingine linalofichwa na majina haya, na mimi naliona ni la kimaadili kama hayo yaliyotangulia. Kwa kanuni za wataalamu, jina la laikeni ni jina la kuvu peke yake. Mwani una jina lake kwingine, aghalabu halitajwi. Kuvu mmoja ndiye aliyejenga ukuta unaoonekana, naye ndiye aliyeandikwa mlangoni. Simon Schwendener, Mswisi aliyeeleza kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1860 kwamba laikeni ni viumbe viwili, alimfananisha kuvu na bwana na mwani na watumwa wake. Na hata hesabu ya wawili haikutosha. Mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake walitangaza kwamba katika ngozi ya laikeni nyingi mna kuvu wa namna nyingine, wa jamii ya hamira, ambaye hakuwa amehesabiwa na mtu. Walikuwa wakichunguza ile ile wila na ndugu yake wa manjano aliye na sumu. Kuvu mkuu alikuwa yule yule, mwani ule ule. Kilichoonekana kutofautiana ni wingi wa huyo wa tatu asiye na jina mlangoni.

Nisomapo hayo siwezi kuacha kumkumbuka mama yangu. Mtaani hakuwa na jina ila la mwanawe wa kwanza: Mama Hamisi. Nyumba iliitwa ya baba. Alipofariki, vijana waliokwenda kuandikisha kifo walirudi kuuliza jina lake halisi, na katika watu wazima waliokuwa barazani, waliokula kwa mkono wake miaka arubaini, ni wawili tu waliolijua. Hakuna aliyekusudia kumdharau. "Mama Hamisi" lilikuwa jina la heshima, na yeye mwenyewe aliitika kwa furaha. Lakini nilijifunza siku ile kwamba jina la heshima nalo linaweza kumfunika anayelisha nyumba.

Basi tuache kutaja majina? Hapana. Kisichotajwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakiingii katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini. Hakuna awezaye kwenda mahakamani au serikalini kuomba msitu usikatwe kwa ajili ya kitu kisicho na jina. Ndiyo maana nawaheshimu watu kama Hildur Krog wa Norway na Douglas Swinscow wa Uingereza, ambao mwaka 1988 walitoa kitabu kikubwa cha laikeni za Afrika Mashariki baada ya miaka ya kupanda milima yetu. Na nawaheshimu zaidi Waafrika wanaoiendeleza kazi hiyo, kwa kuwa wao hawaondoki baada ya safari kwisha.

Msomaji anaweza kunijibu kwamba jina halijawahi kuokoa kitu. Ni kweli. William Nylander, Mfini aliyekaa Paris, alizipa majina laikeni nyingi mno katika karne ya 19. Mwaka 1866 aliandika orodha ya zile zilizoota katika bustani ya Luxembourg mjini humo, akasema kwamba laikeni hupima usafi wa hewa. Kabla ya karne ile kwisha moshi wa mji ulikuwa umeziua. Na mtu huyu huyu, mwenye jicho kali kuliko wote wa wakati wake, alikataa kwa hasira mpaka kufa kwake kwamba laikeni ni viumbe viwili. Alijua majina yote, na mwenzi anayelisha hakumtambua.

Hata hivyo namwona Nylander ametuachia kitu. Aliirudia orodha yake, na kwa kuwa alikuwa ameandika kilichokuwapo, ndiye aliyeweza kusema kwa ushahidi kwamba hakipo tena. Asiyetaja jina hawezi hata kuomboleza.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Aliyetaja jina hakupata mali; amepokea dhamana, na dhamana ina masharti yake. Aulize kwanza wenyeji wanakiitaje, na alichoambiwa akiandike. Aseme wazi ni nani aliyeachwa nje ya jina. Likishapatikana, jina lirudi nyumbani: kijiji ambacho kipande kilikwanguliwa mtini mwake kiambiwe kimechukuliwa nini na kinaitwaje, kwa lugha inayosemwa pale. Na baada ya miaka kumi au ishirini, yeye au mwanafunzi wake apande tena mlima ule, autafute mti ule ule, atazame kama somo bado yupo.