Aliyekwisha Kuugua, Yafaa Akingwe Tena?

Tuseme yuko mama mmoja wa huku kwetu Salamabila. Wakati wa vita wazazi wake walivuka ziwa Tanganyika, naye akakulia kambini Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Mwaka 2018 nchi ya Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 ili kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi, naye akachanjwa. Sasa ni mtu mzima, ameolewa, amerudi kwao. Alipopimwa katika hospitali moja ya mbali, akaambiwa kwamba kirusi kiletacho saratani hiyo kimo mwilini mwake. Anauliza: Je, chanjo ile ilikuwa bure? Nichanjwe tena? Au mtu aliyekwisha kuguswa na ugonjwa wa namna hii yampasa kunyamaza na kuyapokea yaliyompata kama adhabu?

Swali la tatu ndilo linalomnyima usingizi. Lakini tuanze na yale mepesi.

Kirusi hicho waganga hukiandika HPV, na aina zake zapita mia moja. Aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo ziletazo saratani kama 70 katika kila saratani 100 za mlango wa kizazi. Chanjo ni kama mlinzi wa shamba: huwazuia nguruwe wasiingie, lakini hawatoi walio ndani tayari. Tena hailindi pande zote, kwa maana haizuii kila aina. Basi mama huyu aweza kuwa amepata aina ambayo chanjo yake haikuizuia, na hata hivyo bado amekingwa na zile nyingine. Haikuwa bure. Aliyekwisha kupewa sindano zake zote, kwa kawaida waganga hawaoni haja ya kumchanja upya. Mwanamke ambaye hakuchanjwa kamwe, hata kama aliwahi kupata aina moja, chanjo yaweza kumfaa kwa aina asizokutana nazo bado, ila faida yake ni ndogo kuliko kwa msichana. Wala asitegemee kwamba kuugua mara moja kwatosha kumkinga, kwa kuwa kinga ya namna hiyo ni dhaifu.

Mara nyingi mwili wenyewe hukishinda kirusi hiki kabla ya miaka miwili kupita. Kikidumu, saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kutokea, au upesi zaidi kwa mwenye virusi vya UKIMWI asiyepata dawa. Ndiyo maana upimaji ni msaada mkubwa. Mganga hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, na mahali palipoanza kuharibika hugeuka peupe, pakatibiwa mapema. Hakuna siri kubwa zaidi ya hiyo.

Sasa swali gumu. Wanafunzi wa Bwana wetu Yezu Kristu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikana yote mawili, kisha akamponya. Nasi tungali na desturi ya wanafunzi wale: tukiona ugonjwa, twatafuta mkosaji. Lakini karibu kila mtu aliyewahi kukutana kimwili na mwenzake hupata kirusi hiki wakati mmoja wa maisha yake. Mke mwaminifu aweza kukipokea kwa mumewe. Chaweza pia kujificha miaka mingi kabla ya kuonekana, hata asijulikane aliyekileta.

Nawaambia hasa waume wanaokaa miezi mingi machimboni, Namoya na kwingineko. Mume akirudi na kusikia habari ya hospitali, mara huuliza: umekipata wapi? Kisha humfukuza mkewe. Kipimo hicho hakiwezi kumshuhudia mtu uzinzi, mke wala mume. Anayemhukumu mwenzake kwa kipimo hicho amshuhudia uongo, na amri ya nane yamhusu.

Wengine husema kwamba kumkinga msichana ni kumfungulia mlango wa uasherati. Sioni hivyo. Anayejizuia kwa hofu ya ugonjwa tu hajawa bado na usafi wa moyo. Siku hofu ikiondoka, atabaki na nini? Usafi wa moyo hufundishwa nyumbani na kanisani, kwa mfano wa wazazi, wala saratani haikupewa kazi hiyo.

Lipo jambo moja la haki. Mwaka 2019 chanjo hii ilikuwa haba ulimwenguni, na washauri wa Shirika la Afya Duniani wakaziomba nchi ziahirishe kuwachanja wenye umri mkubwa mpaka wasichana wa nchi zote wapate. Naona walishauri vema. Mahali penye sindano moja, na mbele yake wamesimama mama aliyekwisha kuugua na binti wa miaka 10, apewe binti. Si kwamba mama amepoteza thamani yake, bali binti ndiye itakayemfaa zaidi.

Kupimwa kwa kawaida huanza kwenye miaka 30, au 25 kwa mwenye virusi vya UKIMWI. Lakini mama wetu, kwa kuwa kirusi kimekwisha kuonekana, afuate siku atakayopangiwa na mganga, hata kama njia ni ndefu, na mumewe amsindikize.