Aliyesusa Mlangoni

Katika Injili ya Luka, mlango wa 15, twamkumbuka mno mwana mpotevu, twamsahau kaka yake. Huyu hakutapanya mali wala hakuhama. Lakini aliposikia vifijo vya karamu alisusa mlangoni, akihesabu miaka aliyotumika. Kumbe alikaa nyumbani kwa moyo wa kibarua, si wa mwana.

Hicho ndicho kizuizi cha Mkristo aliyekwisha kuizoea ibada: kuweka daftari la wema wake na la makosa ya wenziwe. Roho ya mdai haikui. Dawa yake si kuongeza kazi, bali kuifurahia rehema hata inapomfikia mwingine. Baba alitoka nje kumbembeleza. Luka hatuambii kama aliingia; jibu ameachiwa kila asomaye.