Niru ya Mzee wa Tabata

Ua wa nyumba za kupangisha za mzee mmoja wa Tabata ulikuwa mteremkoni. Kila masika maji yake, yamebeba oili chafu ya bodaboda na bajaji za wapangaji, yaliishia mlangoni kwa jirani wa chini. Mzee akaona aibu. Akatafuta fundi anayejua zege la matundu: kokoto ndogo na saruji, mchanga hakuna, maji kwa kipimo. Fundi alichota zege, akalifinya tonge kiganjani. Lilipokaa bila kumeguka wala kuchuruzika ndipo akaruhusu limwagwe. Chini alikwisha kutandaza kokoto kubwa, zishike maji mpaka ardhi iyanywe. Juu akafunika nailoni siku 7, maana zege hili likikauka upesi hupukutika.

Uwazi wake ni asilimia 15 hadi 25. Likiwa jipya, mita moja ya mraba hupitisha zaidi ya lita 100 kwa dakika. Hakuna mvua ya Dar es Salaam inayofika huko. Oili nayo hunasa ndani, bakteria wakaila polepole. Masika hayo jirani alilala pakavu.

Kisha mzee akaongeza chumba. Mchanga wa kujengea ukashushwa papo hapo uani, mvua ikausukumia kwenye matundu, madimbwi yakarudi. Fundi wa plasta akainama, akapitisha kidole juu ya kokoto.

"Mzee, hapa uliibiwa saruji. Ngoja nikupigie niru."

"Haya fundi, ipendeze."

Fundi huyo simlaumu sana. Tangu akiwa saidia fundi ameambiwa zege lenye matundu ni bovu, na kwa nguzo au jamvi ni kweli kabisa. Aliyepaswa kumzuia ni mzee, aliyeyalipia matundu hayo kwa fedha yake.

Mchanga peke yake ungetibika: zipo mashine za kuufyonza, na ukiwahi, maji ya presha husaidia. Niru, uji wa saruji uliopakwa juu ukaziba matundu yote, haikuwa na dawa. Mvua iliyofuata iliteleza juu yake yote, ikaingia sebuleni kwa jirani na oili ikielea. Mzee alilipa makochi, akavunja ua mzima kwa nyundo, akaanza upya. Safari hii, kabla zege halijamwagwa, aliwaita wapangaji na mafundi akawaonyesha mahali pa kushushia mchanga: nje ya geti, upande wa chini wa mteremko.