KHUTBA YA IJUMAA: KUSAFIRI NA KIJANA NA KULINDA PESA YA NJIANI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa walimwengu wote, aliyeitandaza ardhi ili waja wake watembee humo na kutafuta riziki yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na aali zake na maswahaba zake wote.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ninaiusia nafsi yangu na ninawausia ninyi kumcha Mwenyezi Mungu, nyumbani na safarini.

Ndugu zangu, likizo kubwa ya masomo inapofika, wazazi wengi wanavuka ziwa Tanganyika pamoja na watoto wao. Wanatoka Kalemie kwenda Kigoma, na wengine wanaendelea kwa treni au basi mpaka Dar es Salaam. Huyu anafuata matibabu, huyu biashara, huyu anakwenda kuwaona jamaa. Leo tunasema na yule anayesafiri na mtoto wa miaka 13 mpaka 17. Huyo si wa kubebwa mgongoni, wala bado si mtu mzima. Anakula kama mtu mzima na kulipiwa nauli ya mtu mzima, lakini pesa inavyopatikana hajui. Mzazi atalindaje pesa yake bila kumharibu mtoto wake?

KWANZA: TUCHUKUE MASURUFU. Ibn Abbas (r.a.) ameeleza kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda kuhiji bila chakula, wakidai wanamtegemea Mungu, kisha wakifika Makka wanaombaomba. Ndipo ikashuka aya ya 197 ya Surat al-Baqara, ikaamrisha watu wachukue masurufu, na ikafundisha kwamba masurufu bora ni uchamungu. Tena katika Surat al-Kahf, Nabii Musa (a.s.) alisafiri na kijana wake, nao walibeba samaki wao. Walipochoka, Musa akamwambia kijana alete chakula. Nabii mkubwa hakuona haya kusafiri na chakula cha nyumbani, sisi tunaona haya gani? Funga karanga, muhogo na ndagala wa kukaanga vya siku ya kwanza. Bandarini na stesheni, bei ya chakula ni bei ya mgeni mwenye njaa.

Karatasi nazo ni masurufu. Tangu mwaka 2016, kadi ya chanjo ya homa ya manjano inahesabiwa kuwa ya maisha yote. Basi itafute ile ya zamani sandukuni kabla ya kulipa nyingine. Kama mtoto anasafiri na mzazi mmoja, au na mjomba, uliza DGM mapema juu ya idhini ya wazazi. Anayekosa karatasi mpakani hulala njiani, na kila usiku anaolala ni pesa.

PILI: TUIJUE PESA YA KULE. Huku kwetu tumezoea kulipa kwa dola sokoni. Tanzania ilitoa kanuni mwezi wa tatu mwaka 2025 kwamba bei za ndani na malipo yake viwe kwa shilingi. Badilisha pesa benki au kwenye duka lenye kibali, kidogo kidogo, baada ya kuuliza bei sehemu mbili au tatu. Usimfuate anayekuita pembeni bandarini. Chukua noti safi, kwa sababu dola iliyochanika hukataliwa au hupunguzwa thamani. Na usiweke pesa yote katika sakoshi moja.

TATU: TUMWELEZE KIJANA UKWELI. Watu wa Pango, Qur'ani inatuambia, walikuwa vijana. Walipoamka walimtuma mmoja wao mjini na pesa yao ya fedha, achague chakula kilicho safi kabisa, na awe mwangalifu. Pesa ya wote ilikuwa mkononi mwa kijana mmoja, naye alipewa masharti. Nasi tufanye hivyo. Kabla ya kuondoka, keti na mwanao, mhesabie: hii ni nauli ya kwenda, hii ya kurudi na haiguswi, hii ni ya kulala, hii ya kula. Mpe daftari aandike kila kinachotoka. Siku moja mpe pesa ya chakula, aende kununua yeye, arudishe chenji. Simu anaijua kuliko wewe: mwambie azime laini ya huku isikate pesa kule, na aulize bei ya nauli kwa watu wawili watatu.

Mtoto asiyejua hesabu akiona viatu Kariakoo atadhani baba anazo, ila anamnyima. Mtoto aliyeandika daftari mwenyewe ataanza kukulinda wewe. Lakini tusiwe mabahili pia. Surat al-Furqan, aya ya 67, inawasifu wasiofanya israfu wala ubahili, walio kati ya hayo mawili. Mtengee fungu lake dogo tangu nyumbani, alitumie apendavyo katika halali. Likiisha, limekwisha.

NNE: TUSIPUNGUZE PESA KWA UONGO WALA KWA ROHO. Katika ndege, nauli ya mtoto ni ya asiyetimiza miaka 12. Kuna mzazi anayemwambia kijana wa miaka 14: ukiulizwa, sema una 11. Amepata dola chache, na amemfundisha mwanawe kwamba uongo una faida. Kesho mtoto huyo atamdanganya nani wa kwanza, kama si yeye?

Masheikh zetu wanasimulia kwamba Sheikh Abdulqadir Jilani, alipotoka kijana kwenda kusoma Baghdad, mama yake alimshonea dinari 40 ndani ya nguo na kumwagiza asiseme uongo. Wanyang'anyi wakauliza ana nini, akawaambia ukweli. Mkubwa wao akalia na kutubu. Mama yule alishona pesa ili isipotee, lakini ulimi wa mwanawe aliulinda zaidi.

Na ziwani, usipande mashua iliyojaa kupita kiasi, isiyo na makoti ya kuelea, kwa kuwa nauli yake ni rahisi. Ngoja nyingine, hata ukilala siku moja. Mtoto ni amana, wala hakuna nauli itakayomrudisha akizama.

Ninasema haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu na kwenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI. Alhamdulillah. Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba safari ni sehemu ya adhabu, na kwamba mtu akimaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Kila siku ya ziada ugenini ina gharama yake. Msafiri amepunguziwa swala, hakusamehewa swala. Mswali pamoja na kijana wenu njiani, aone.

Ee Mola, walinde wasafiri wetu majini na nchi kavu, wabariki katika kidogo walichonacho, na uwarudishe na watoto wao salama. Amin.