Kabla Hujajiandikisha Kuhama

Mjukuu wangu, malalamiko yako yamenifikia kwanza kupitia kwa mama yako, halafu kwa mjomba wako, na jana nikayasikia kwa sauti yako mwenyewe. Hukukatizwa hata pale ulipopandisha sauti. Sasa nawe tulia unisikilize, na usinihimize, maana koo hili lilishamalizwa na vumbi la chaki.

Kocha mpya amekuja. Ameikuta timu yenu ya mpira wa kikapu imezoea kufungwa mpaka haioni haya. Anawaamsha alfajiri, amepiga marufuku simu kwenye basi, na wewe uliyekuwa ukianza kila mechi sasa unakaa benchi kwa sababu ulikosa kipindi cha hesabu. Unasema amekuonea. Unasema pia kwamba huko Marekani siku hizi mchezaji akichukia anaandikisha jina kwenye orodha ya uhamisho na chuo kingine kinamchukua. Najua. Orodha hiyo ilianza mwaka 2018, na tangu 2021 ile kanuni ya kumkalisha mhamaji nje msimu mzima imelegezwa. Sikukatazi kuhama, wewe ni mtu mzima. Lakini mtu mwenye njia rahisi ya kutoka hukosea kwa wepesi zaidi, basi nisikilize kwanza habari ya timu moja ya huko huko uliko.

Chuo Kikuu cha Georgetown, kile cha Wajesuti pale Washington, msimu wa 1971 hadi 1972 kilishinda mechi 3 kikafungwa 23. Nyinyi mna nafuu. Mwaka huo huo wa 1972 wakamwajiri John Thompson, Mmarekani Mweusi wa miaka 30, aliyekuwa kocha wa shule ya sekondari ya St. Anthony katika mji huo huo. Aliwahi kucheza timu ya kulipwa ya Boston Celtics kwa misimu miwili, akiwa mchezaji wa akiba nyuma ya nyota Bill Russell, kwa hiyo benchi alilijua kuliko unavyolijua wewe. Baba yake hakujua kusoma wala kuandika. Likumbuke hilo, maana bila hilo hutaelewa kwa nini alikuwa mkali hivyo kwenye mambo ya darasani.

Msimu wake wa kwanza alishinda 12 akafungwa 14. Wa pili alishinda 13 na kufungwa 13. Hapo ndipo watu wenye pupa hukata tamaa, kwa sababu jasho limekwisha kumwagika na bado hakuna cha kuonyesha. Msimu wa tatu, timu ikiwa inafungwa mfululizo, mtu akapenyeza shuka dirishani mwa ukumbi wao wenyewe, limeandikwa tusi la rangi yake na kumtaka aondoke. Nyumbani kwao, si ugenini. Thompson hakuondoka. Msimu huo huo wa 1975 ukaisha wameshinda mechi 18, na Georgetown ikaingia mashindano ya taifa ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ambayo haikuwa imeyaona tangu 1943.

Wengi wakisimulia habari zake hurukia 1984, mwaka wa kombe. Mimi husimama kwanza hapo kwenye shuka. Kombe hutazamwa na kila mtu, lakini wale vijana waliofungwa wakarudi mazoezini kesho yake, wakiwa hawajui kama kuna kombe lolote mbele, ndio hasa walioijenga timu ile. Wewe uko kwenye miezi hiyo sasa hivi. Si miezi mitamu, wala sitakudanganya.

Mmoja wa watu wa mwanzo aliokuja nao Thompson hakuwa mjuzi wa mpira. Alikuwa Mary Fenlon, mwalimu aliyewahi kuwa mtawa. Kazi yake ilikuwa kujua nani kaingia darasani na nani kalala, nani ana insha ya kukabidhi Ijumaa. Siku ya mechi alikaa benchi pamoja na makocha. Ofisini Thompson aliweka mpira usio na upepo, umenywea, ili kila kijana anayeingia auone na ajiulize atakuwa nani siku upepo utakapomwisha yeye pia. Wachezaji 77 walikaa naye miaka yote minne, na 75 kati yao walihitimu. Hayo nayo ni matokeo, ingawa ubao wa uwanjani hauna mahali pa kuyaandika.

Sasa, usidhani nakuuzia malaika. Mtu huyu alifunga milango ya mazoezi. Waandishi wa habari hawakupewa wachezaji ovyo, na waliomaliza sekondari juzi hawakuruhusiwa kabisa kuzungumza nao miezi ya mwanzo. Fainali ya NCAA ya 1982 ilichezwa New Orleans, yeye akailaza timu Biloxi, mji wa jimbo jingine, mbali na kelele. Magazeti yalimsema sana, na mengine yalimsema kwa sababu hayakuzoea kuona mtu Mweusi akiyafungia mlango. Hata hivyo mimi naona alizidisha. Kijana hujifunza kusema kwa kusema, na ukimfungia mdomo muda mrefu atakuja kubabaika siku atakayohitaji kujitetea. Mkali mwema naye hukosea kipimo.

Lakini tazama fainali hiyo ya 1982. Wanacheza na North Carolina. Kijana Michael Jordan, mwaka wake wa kwanza chuoni, amefunga, Georgetown wako nyuma kwa pointi moja, sekunde zinakwisha, mpira uko mikononi mwa Fred Brown. Brown akatoa pasi kwa James Worthy. Worthy alikuwa wa timu nyingine! Ikaisha 63 kwa 62. Mbele ya nchi nzima Thompson, pandikizi la mtu la zaidi ya mita mbili, na taulo lake jeupe begani, akamkumbatia kijana yule. Miaka miwili baadaye, kwenye fainali ya Seattle, Georgetown iliyokuwa na Patrick Ewing ikaifunga Houston ya Hakeem Olajuwon 84 kwa 75, na Thompson akawa kocha wa kwanza Mweusi kutwaa ubingwa huo wa wanaume. Brown bado alikuwamo kikosini, na kocha akamkumbatia tena.

Hicho ndicho ninachotaka ukitafute kwa kocha wako. Usiniambie amepaza sauti kiasi gani. Niambie siku mchezaji wake alipoharibu mbele za watu, alisimama wapi.

Kwa sababu wapo wa aina nyingine. Kocha Bob Knight alipokwenda Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1971 alileta nidhamu ya chuma, na akavuna: ubingwa wa 1976 bila kufungwa mechi hata moja, kisha 1981, kisha 1987. Darasani pia aliwasimamia vijana wake. Lakini mwaka 2000 ikatoka video ya mazoezi ya 1997 ikimwonyesha kashika shingo ya mchezaji. Chuo kikamwonya kwamba kosa jingine halitavumiliwa, na Septemba mwaka huo huo kikamfukuza. Mwarobaini ni mchungu, na ziko sumu chungu vilevile, ulimi peke yake hautakwambia ipi ni ipi. Kocha akikugusa kwa hasira, akikutukania wazazi, akikulazimisha kucheza umeumia, usingoje mawaidha yangu. Ondoka, na umshitaki. Kukukalisha benchi kwa kipindi cha hesabu hakumo humo, mwanangu. Ukilitaja pamoja na hayo unawadhulumu walioumizwa kweli.

Nikupe na mfano wa mtu wa pande zetu. Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, alifika Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, nia yake ni udaktari. Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga, na mwaka wa kwanza hakuichezea timu ya chuo hata dakika moja. Thompson alimwona, urefu wa mita 2.18, akamchukua akamnoa. Wewe unalia kwa mechi chache! Mutombo akahitimu mwaka 1991 na shahada ya isimu na diplomasia, akaingia ligi ya kulipwa ya NBA, akawa mlinzi wa kikapu ambaye washambuliaji walimwota usiku. Udaktari hakuusoma, lakini mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa, yenye vitanda 300 na jina la mama yake Biamba Marie, ilianza kupokea wagonjwa. Alifariki Septemba 2024. Sisemi kocha ndiye aliyemfanya awe mwema, wazazi wake walitangulia. Nasema mwaka ule wa kukaa nje haukumpunguza.

Na lipo jingine ambalo wakali wengi hawana. Januari 1989 NCAA ilipitisha kanuni ya kuwanyima ufadhili vijana wasiofikisha alama zilizowekwa za kuingia chuo. Ungetegemea Thompson, mtu wa vitabu vile, aishangilie. Kabla ya mechi na Boston College alitoka uwanjani akaiacha timu kwa wasaidizi, kwa sababu aliona kanuni ile inawafungia mlango watoto wa maskini, wengi wao Weusi. Kijana akishaingia, alimbana asome. Aliyezuiwa mlangoni alimpigania aingizwe. Ukali wake uliwageukia wakubwa pia, na kocha wa namna hiyo hapatikani kila mahali.

Basi fanya hivi. Kesho nenda kwa mwalimu wa hesabu kabla hujaenda uwanjani, ukaulize nini kilikupita. Kisha omba dakika kumi za kocha, peke yenu, umuulize anataka kuona nini kwako kabla ya Desemba. Usiende na baba yako, wala usimrekodi kwa simu. Akikujibu kwa maneno yanayoeleweka, mpe msimu huu wote, hata mkifungwa. Akikudharau, au ikawa hajui hata unasomea nini, basi jiandikishe kwenye hiyo orodha yenu nami nitakuombea dua. Ila muage kocha ana kwa ana, si kwa ujumbe wa usiku. Na huko uendako uliza kwanza nani anafuatilia masomo ya wachezaji, ndipo uulize utacheza dakika ngapi.

Mama yako asiyajue yote haya, ana presha. Mwambie tu babu amekuelewa.