Kuaminiwa na Kuaminika

Katika vitongoji vikongwe vya Johannesburg, kama Kensington, Brixton na Melville, nyumba inayoongezwa chumba hutambulika kwa mambo mawili: rundo la mchanga kando ya njia, na kibao kilichofungwa langoni. Kibao hicho hubeba jina la mjenzi, nambari yake ya simu na, mara nyingi, nembo ya chama cha wajenzi. Jirani anayepita akiwaza kujenga huitazama nembo hiyo na moyo wake ukatulia kidogo. Je, nembo ina haki ya kumtuliza? Swali hili ni la maadili kabla ya kuwa la biashara. Anayejenga hukabidhi akiba ya miaka mingi kwa mtu asiyemjua, ili afanye kazi ambayo sehemu yake kubwa haitaonekana tena na jicho.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kauli hiyo ni ya kweli sokoni, penye embe la kubonyezwa na kunuswa. Katika ujenzi haifiki mbali. Ukuta ukishapigwa lipu, nondo chache na nondo za kutosha hufanana. Kusini mwa Johannesburg, katika maeneo kama Lenasia, ardhi imelala juu ya mwamba wa dolomaiti, ambao maji huuyeyusha polepole hata siku moja udongo wa juu ukatumbukia. Mwenye nyumba hawezi kuusoma msingi wake kwa macho. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alieleza matokeo ya hali hiyo: muuzaji anapojua asichokijua mnunuzi, mnunuzi huogopa kulipa bei ya kitu chema, na mwenye kitu chema hujitoa sokoni. Kwa hiyo alama ya kumtofautisha mjenzi mwadilifu si pambo. Mjenzi huyo anaihitaji kama anavyoihitaji mwenye nyumba.

Katika miji ya mwambao alama hiyo ilikuwa nasaba ya kazi. Fundi mwashi alijulikana kwa aliyemfunza, na aliyemfunza alijulikana kwa nyumba zake zilizosimama. Akiharibu kazi, aibu ilimfuata hadi barazani na msikitini, na ikamgusa mwalimu wake pia. Kwa sadfa ya kupendeza, Waafrika Kusini wanapozungumza Kiingereza nao hutumia neno fundi kwa maana ya bingwa, na wanakamusi hulirejesha kwenye mzizi wa Kinguni wa kufunza na kujifunza. Lakini Johannesburg, mji uliozaliwa mwaka 1886 kwa dhahabu na kujazwa na wageni tangu siku ya kwanza, haina baraza moja ambapo aibu ya fundi ingeweza kusimuliwa. Chama cha wajenzi ni jaribio la kuijenga baraza hiyo upya kwa karatasi, ada na kanuni.

Hapa inafaa kutenganisha vitu ambavyo mwenye nyumba huvichanganya. Kuna usajili wa lazima. Sheria ya mwaka 1998 ya kuwalinda watumiaji wa nyumba iliweka Baraza la Taifa la Usajili wa Wajenzi wa Nyumba, lijulikanalo kama NHBRC. Mjenzi wa nyumba mpya hana budi kusajiliwa, na kila nyumba kuandikishwa siku 15 kabla ya ujenzi kuanza. Dhamana yake hudumu miezi 3 kwa kasoro ndogo, mwaka 1 kwa paa linalovuja na miaka 5 kwa kasoro kubwa za muundo. Ukarabati na nyongeza, yaani kazi hasa ya vibao vile vya Kensington, viliachwa nje ya sheria hiyo. Sheria mpya iliyotiwa saini mwaka 2024 ndiyo inayokusudia kuviingiza. Pili, kuna madaraja ya bodi ya maendeleo ya sekta ya ujenzi, ya 1 hadi 9, yaliyokusudiwa zabuni za serikali: hupima ukubwa wa kazi ambayo kampuni inaweza kuibeba. Tatu, kuna vyama vya hiari, kama Master Builders Association North yenye makao yake Midrand, ambavyo mjenzi hujiunga navyo kwa ridhaa yake na kuvilipa ada. Nembo ya langoni huweza kutoka popote kati ya hapo, na kila moja husema jambo tofauti.

Kiswahili kinatupa nyenzo ya kulifikiria jambo hili. Kuaminiwa ni tendo la wengine juu yangu. Kuaminika ni sifa iliyo ndani yangu, hata asipokuwapo wa kuiona. Mwanafalsafa Onora O'Neill, katika mihadhara yake ya redio ya mwaka 2002, alisisitiza tofauti ya namna hii: kuongeza imani ya watu si lengo jema kwa yenyewe, kwani imani iliyowekwa pasipostahili ni hasara. Kwetu tofauti hiyo imo katika viambishi vya kitenzi. Uanachama humfanya mjenzi aaminiwe mara tu anapoitundika nembo. Haumfanyi aaminike.

Umbali kati ya maneno hayo mawili unaweza kuua. Tarehe 6 Mei 2024, katika mji wa George, jimbo la Western Cape, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa liliporomoka na watu 34 wakafa. Mradi huo ulikuwa umeandikishwa NHBRC. Ripoti zilizotangazwa na mawaziri mwaka 2025 zilieleza kasoro katika uandikishaji wenyewe. Zilieleza pia kwamba afisa wa usalama kazini alikuwa amejiuzulu kabla ya ajali kwa wasiwasi juu ya usalama. Jengo liliendelea kupanda. Karatasi ilibaki mahali pake, na dalili ya kweli ya hatari ikaondoka na mtu mmoja langoni.

Je, basi uanachama ni bure? Sidhani. Hujibu swali jingine. Mwenye nyumba huuliza, "Huyu atanitendea haki nisipokuwapo?" Uanachama hujibu, "Asipokutendea haki, una pa kwenda." Chama chenye kanuni za maadili, mkataba wa mfano na njia ya kusuluhisha migogoro humpa mlalamikaji baraza ambalo mji haukumpa. Hilo si dogo. Lakini thamani yake yote imo katika jambo moja ambalo nembo haiwezi kulionyesha: utayari wa chama kumhukumu mwanachama wake. Hakimu huyu hulipwa kwa ada ya mshtakiwa. Hulipwa pia kwa heshima ya jina lake, na heshima hiyo huporomoka akiwaficha waovu. Kipi kitashinda? Hakuna kanuni inayojibu. Hujibu orodha ya waliofukuzwa. Chama kisichowahi kumfukuza mtu kina wanachama wema kuliko binadamu wote, au hakitazami.

Wapo pia walio nje ya vyama. Kila asubuhi, nje ya maduka ya vifaa vya ujenzi, husimama mafundi kutoka Zimbabwe, Malawi na Msumbiji pamoja na wenyeji, na miongoni mwao wamo waashi wa mkono mzuri sana. Wengi hawana hati wala ada ya chama. Kutokuwa na nembo hakuthibitishi kwamba hawaaminiki. Kunathibitisha tu kwamba wakikosea, na hata wakionewa, hawana baraza. Mwenye nyumba anayemchukua fundi kama huyo kwa sababu ni rahisi, kisha akamnyima nusu ya ujira akijua hatakwenda kokote kushtaki, hana haki ya kulalamikia uhaba wa uaminifu mjini. Pesa za mwenye nyumba ni amana mkononi mwa fundi. Jasho la fundi nalo ni amana mkononi mwa mwenye nyumba.

Anayejenga basi na aitazame nembo, kisha apige simu inayofuata: aliuliza chama ni wangapi walishtakiwa, wangapi walifukuzwa, na walalamikaji walipata nini. Aende kuiona nyumba iliyojengwa miaka mitano iliyopita, baada ya mvua kadhaa. Alipe kwa hatua, kazi ikishakaguliwa na mtu asiyelipwa na mjenzi. Juhudi hizi huchosha, na ndizo ambazo nembo ilionekana kumwondolea. Chama kinaweza kumsaidia kuzifanya, lakini hakiwezi kuzifanya kwa niaba yake.